Maharage ya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupika chochote. Bi Zuhura, aliyekuwa mkuu wa jiko la lishe la hospitali, alinipa ungo wenye maharage akaniambia nichambue. Nilichambua mpaka mchana. Nilipomaliza alipitisha vidole kwenye ungo, akaokota kijiwe kimoja, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Hiki ndicho ambacho mgonjwa angekikumbuka," alisema. Kisha akanipa ungo mwingine.

Nimestaafu sasa, na ninyi mliobaki pale jikoni mmeniomba niandike kidogo jinsi tulivyofanya kazi. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Nitaandika niliyoyaona, na zaidi nitaandika habari za nyumba moja ya kijijini Kinyala, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi hii kuliko semina zote nilizokaa nikinywa soda.

Jiko letu lilikuwa nyuma ya wodi ya watoto, banda la mabati lenye meko manne na bomba moja. Kuni zilikuwa mbichi miezi mingi ya mwaka. Mnaijua mvua ya Rungwe. Tuliziegemeza ukutani karibu na moto wa leo ili zikauke kwa ajili ya kesho. Vyombo vilikuwa sufuria mbili kubwa, kinu, mchi, chujio la plastiki na mwiko wa Bi Zuhura ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Alipoondoka aliondoka nao, na alifanya vizuri, maana tungeuunguza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto akiletwa na utapiamlo, wauguzi walimtibu wodini kwa maziwa yake maalumu na dawa. Akianza kupata nafuu, mama yake aliletwa kwetu ajifunze kupika atakachompa akirudi nyumbani. Watu wa nje hushangaa wakisikia Rungwe kuna watoto wa namna hiyo. Wanapita barabarani wanaona migomba mpaka upeo wa macho, wanaona chai, maparachichi, ng'ombe, wanasema hawa watu wameshiba. Ni kweli tumeshiba. Ndizi inajaza tumbo vizuri sana. Mtoto anashiba ndizi na chai ya rangi asubuhi, anashiba ndizi na chai ya rangi jioni, na miguu inaanza kuvimba huku mama anaapa kwamba hajawahi kumlaza na njaa. Wala hasemi uongo.

Wengi walidhani dawa ya hapo ni nyama. Walikuja jikoni na uso wa huzuni, wakasema, "Mama, sisi nyama hatuiwezi." Bi Zuhura aliwajibu, "Nani kaitaja nyama? Maharage yako wapi?" Wakasema yako gunia zima, yanasubiri siku ya soko. Hapo ndipo somo lilipoanzia. Yaloweke maharage usiku kucha, maji yale uyamwage. Usiweke magadi, ni bora uvumilie yaive taratibu. Yakiiva, ya mtoto mdogo yaponde uyapitishe kwenye chujio ili maganda yabaki. Karanga zikague moja moja, yenye ukungu usimpe mtu wala kuku. Zitwange, changanya na maharage. Majani ya maboga yaingie mwishoni, yakate dakika ile ile ya kupika, yasikae yakichemka mpaka yawe kama nguo iliyofuliwa. Ndizi ile ile waliyoizoea ipondwe humo humo ndani. Parachichi lije juu mkishaipua. Chungu kimoja, watu wote wa nyumba.

Bi Zuhura alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Tukuyu mjini, Mwislamu, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Kinyakyusa alikiongea kuliko mimi niliyezaliwa nacho. Aliniachia maagizo mengi ambayo nimeyasahau, lakini moja sikulisahau. Alisema, usimfundishe mama kupika kabla hujajua nyumbani kwake nani anapakuliwa wa kwanza. Nilidhani anazungumzia adabu za mezani. Alistaafu, nikabaki na funguo za jiko, na ilipita miaka kabla sijaelewa.

Mwaka nilipokuja kuelewa, nilikuwa nimemzika mume wangu. Nilirudi kazini mapema kuliko walivyotaka, kwa sababu nyumbani kwangu Makandana nilikuwa bado napika sufuria ile ile ya zamani na kumwaga nusu. Jikoni kazini angalau chakula kililiwa chote.

Ndipo alipoletwa Bupe. Alikuwa na umri wa kama miaka miwili, wa Kinyala, amevimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyepesi na zina rangi ya kutu. Ukibonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo linabaki. Halii, hacheki, haangalii mtu. Mama yake aliitwa Atupele, binti mpole, msafi. Bupe alitibiwa akapona, Atupele akaja jikoni kwangu, akajifunza haraka kuliko wenzake. Nilimuuliza maswali akajibu yote. Wakaenda zao.

Haukupita muda mrefu wakarudi. Miguu ile ile, uso ule ule, ila safari hii Bupe alikuwa na homa pia, na daktari alimwambia mama yake waziwazi kwamba mwili wa mtoto umechoka. Akirudi mara ya tatu, asitegemee tutaweza.

Wodini watu walisema Atupele ni mkaidi. Wengine walisema ni mvivu. Nilimwita pembeni, nikamuuliza, "Mwanangu, maharage mnayo?"

"Tunayo, mama."

"Unampikia mtoto?"

Akaangalia chini. "Nitampikia, mama."

Zaidi ya hapo hakusema, hata nilipomzungusha kwa maneno. Mume wake alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, akirudi ni kwa sikukuu. Basi Bupe aliporuhusiwa, niliomba niwafuate nyumbani baada ya siku chache. Nilipanda bodaboda mpaka lami ilipoishia, na nyingine mpaka njia ilipoanza kuteleza. Iliyobaki nilitembea.

Nyumbani kwao palikuwa pazuri, pamefagiliwa. Kuna nyumba kubwa ya matofali yenye kibaraza, ndiyo ya baba mkwe wake, Mzee Ambakisye. Nyuma yake, ng'ambo ya migomba, kuna nyumba ndogo ya Atupele na jiko lake la miti. Nilimkuta jikoni. Kwenye jiko moja kulikuwa na ndizi zinachemka, na kwenye jingine sufuria ndogo imefunikwa vizuri. Harufu yake niliijua kabla sijafunua. Nyama ya ng'ombe, imeungwa kwa nyanya na kitunguu.

"Nyama hii ya nani?"

"Ya mwenyewe," alisema, akiangalia upande wa nyumba kubwa. Jina la baba mkwe wake hawezi kulitaja.

"Na Bupe anakula nini?"

"Ndizi, mama. Na chai."

"Mwanangu. Na maharage?"

Akachochea moto. Kisha akasema polepole, "Maharage nauza, mama. Ndiyo yanayonunua nyama."

Mnaotoka mikoa mingine mtanivumilia hapa. Kwetu mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anageuka au anaingia migombani. Hamsemeshi, hamtaji jina, haingii chumba alichomo. Siyo chuki, ni heshima, na mzee naye anakohoa kabla ya kupita ili asimshtukize binti wa watu. Mjini desturi hii imelegea, wapo wanaowapigia wakwe zao simu ya video. Kinyala haijalegea hivyo. Neno likitaka kutoka nyumba ndogo kwenda nyumba kubwa, linapitia kwa mama mkwe. Na mama mkwe wa Atupele alikuwa amefariki.

"Tangu mama afe ni mimi ninayempikia," Atupele alisema. "Mama alikuwa hamkoseshi kitoweo. Nikimpelekea mzee maharage matupu baada ya msiba ule, ukoo watasema nini? Watasema amefiwa na mke, halafu mkamwana anamlisha kama mtoto wa shule."

"Amewahi kusema anataka nyama?"

"Atasemaje, mama? Naweka bakuli kwenye benchi la kibarazani, nakohoa, naondoka. Nikirudi nakuta bakuli tupu, limekaa pale pale."

"Tupu kabisa?"

"Hata mchuzi haubaki."

Aliposema hivyo alijivunia kidogo, na nilimwonea huruma. Nilimwambia leo bakuli nitalipeleka mimi, maana mimi si mkwe wa mtu pale. Akapakua kwa uangalifu, ndizi upande mmoja, nyama upande mwingine, akafuta ukingo wa bakuli kwa kitambaa.

Mzee Ambakisye alikuwa kibarazani, amevaa koti zito na kofia ya sufu, mrefu, amekonda hadi shingo inacheza ndani ya kola. Nilimsalimu kwa kwetu, kwa wingi kama wazee wanavyosalimiwa, "Mugonile, taata," akaitikia, akanikaribisha benchi. Nikamwekea bakuli. Alishukuru, lakini hakuligusa. Tukazungumza habari za mvua. Tukazungumza habari za bei ya parachichi. Chakula kikapoa.

Chini ya benchi kulikuwa na mbwa. Nimekwenda nyumba nyingi za watoto waliovimba, na mbwa wa nyumba hizo nawajua. Mbavu zao unaweza kuzihesabu. Huyu alikuwa amenona, manyoya yanang'aa kama ya kutangazia sabuni. Alikuwa akiliangalia bakuli bila papara, kama mtu anayejua zamu yake itafika.

Nikasema, "Baba, mbwa wenu ana afya."

Mzee alimwangalia mbwa. Akaniangalia mimi. Hakuwa mtu wa kudanganya. Ilionekana anatafuta uongo na hana pa kuupata.

"Usimwambie," alisema.

"Nisimwambie nini, baba?"

"Yule binti anahangaika. Analeta nyama kila siku ya soko, sijui anaitoa wapi. Nikiirudisha atafikiri nimekidharau chakula chake. Kwa hiyo nakula ndizi, hii nyingine nampa huyu." Akamkuna mbwa kichwani. "Nyama hainipiti kooni, mama. Walipomzika bibi yake Bupe walichinja ng'ombe wangu. Desturi, sikatai. Walichinja hata yule ng'ombe ambaye marehemu alikuwa akimkamua mwenyewe, akimwita anakuja. Nilikaa hapa nikinusa masufuria siku zote za matanga. Sasa nikiweka nyama mdomoni narudi kulekule."

"Mbona hamkusema?"

"Nimwambie nani?" Aliuliza bila hasira. "Aliyekuwa anatusemea ndiye tuliyemzika."

Baadaye akaniuliza, "Na wewe kwako unampikia nani?"

"Nilikuwa na mzee wangu. Tumemzika mwaka huu."

"Pole."

"Nanyi poleni, baba."

Nilimwambia kilichonileta. Nilimwambia kwamba nyama ile ni maharage ya Bupe, na nikamweleza alichosema daktari, sikupunguza neno. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akachukua bakuli, akalisogeza mbali na mbwa, akaniambia, "Mpelekee mtoto hii kwanza. Halafu mwambie mama yake."

Nilirudi jikoni nikamwambia Atupele. Alikuwa ameshika kisu, anamenya ndizi.

"Mbwa, mama?"

"Mbwa."

"Nyama yangu? Ile ya kutoka Tukuyu?"

"Hata mchuzi," nilimwambia.

Akaweka kisu chini. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa khanga nyumba kubwa isisikie, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Nilimshika Bupe mpaka alipomaliza. Kisha aliosha uso, akaingia ndani, akavuta chini ya kitanda mfuko wa maharage aliyokuwa ameyatenga kwa ajili ya soko.

Usiku ule nililala kwao. Maharage yalilowekwa, na asubuhi tukapika kama nilivyowaeleza pale juu, chungu kimoja. Karanga nilikuwa nimekuja nazo. Parachichi tuliokota chini ya mti wa mzee. Bupe alilishwa wa kwanza, kidogo kidogo, kwa kijiko. Mimi nikapeleka bakuli kibarazani.

Mzee alilichunguza. "Haya maharage."

"Ndiyo, baba."

"Maharage nilikula shuleni. Yalikuwa na wadudu wengi kuliko chumvi."

"Haya hayana wadudu."

"Na chumvi?"

"Onjeni."

Alionja. Akala mpaka nusu, mbwa akiwa amesimama sasa, ameanza kuwa na wasiwasi. Ndipo likaja tatizo nililokuwa nalifikiria usiku kucha. Mimi naondoka mchana. Kesho nani atayabeba maneno kati ya nyumba hizi mbili? Jirani aliyetumwa atayabeba, ndiyo, na njiani atayagawa kwa kila mtu.

Aliyelitatua ni mzee mwenyewe. Atupele alikuwa amempitisha Bupe nyuma ya nyumba, amemkalisha kwenye mkeka kwenye jua karibu na kibaraza, yeye akabaki nyuma ya ukuta. Mzee aliweka kijiko, akamgeukia yule mtoto ambaye alikuwa hajui hata kusema maji, akasema kwa sauti ya mtu anayehutubia kanisani:

"Bupe, mwambie mama yako chakula ni kizuri. Mwambie chumvi iongezwe kidogo. Mwambie nyama asinunue tena, na lile gunia la maharage la nyumba kubwa nitalitoa nje leo, aje alichukue nikienda shambani."

Nyuma ya ukuta ikaja sauti ndogo ya Atupele: "Bupe, mwambie babu ndaga fijo."

Asante sana, hiyo. Bupe hakumwambia mtu chochote. Alikuwa anamwangalia nzi.

Msifikiri mambo yalinyooka hapo. Wanawake wa njia ile walipojua kwamba Atupele hanunui tena nyama, walimsema kisimani. Mmoja alimwambia mbele ya wenzake, "Umemgeuza mzee wa watu mbuzi, unamlisha majani." Atupele alinisimulia nilipokwenda mara ya pili, na niliona anataka kurudi kwenye nyama. Binti anaweza kuvumilia njaa kuliko kuvumilia hilo. Kama angerudi, tungempoteza Bupe. Hilo nililijua, naye alilijua.

Nilikwenda kibarazani nikamweleza mzee kama lilivyo. Siku ya soko iliyofuata, alibeba benchi lake begani, akaenda akaliweka nje kabisa, pembeni ya njia inayopitwa na watu wote wanaokwenda sokoni. Akaweka bakuli la maharage magotini, akala polepole, akimsalimu kila anayepita. Anayeuliza anaambiwa, "Karibu, mkamwana wangu amepika." Alifanya hivyo soko baada ya soko. Yule wa maneno ya mbuzi, nasikia, alikaribishwa akaonja, na baadaye akatuma mtu kuuliza karanga zinatwangwa mbichi au zilizokaangwa. Zilizokaangwa kidogo. Muwaambie hivyo na ninyi.

Kwa hiyo mkimwona mama amejibu maswali yote jikoni na mtoto bado anarudi, msikimbilie kusema mkaidi. Nendeni mkaone benchi liko wapi na bakuli linawekwa wapi. Kaeni na wazee, hata kama mvua inawangoja njiani.

Uvimbe wa Bupe ulikuwa umeshuka tangu wiki zile za mwanzo. Nywele zilichukua muda zaidi. Kuna siku Atupele aliniambia mtoto amekataa kubebwa mgongoni, anataka kutembea, na alinieleza kama analalamika. Mimi nilitoka nje nikasimama kidogo kwenye migomba.

Mara ya mwisho nilikwenda karibu na kustaafu kwangu, si kwa kazi, kuwaaga tu. Mzee alikuwa amenenepa kidogo. Mbwa alikuwa amepungua, na ilimfaa. Tulikuwa kibarazani, Bupe amekaa katikati yetu anakula mwenyewe, mikono yote miwili bakulini. Nyuma ya ukuta nilisikia Atupele anaosha vyombo.

Mzee alimaliza, akafuta mdomo, akakaa akiangalia migomba. Kisha akasema kwa sauti ile yake ya kanisani, ila safari hii ilikuwa na mikwaruzo, "Bupe, mwambie mama yako kwamba bibi yako angekula haya akaomba tena."

Sauti ya vyombo ikakoma.

Bupe alinyanyua uso wenye maharage mpaka kwenye nyusi, akamtazama babu yake kama mtu anayesumbuliwa bila sababu.

"Babu," alisema, "mama si yupo hapo. Amesikia."

Akainama akaendelea kula.